Aliyevuta Treni kwa Meno, na Rekodi Nyingine za Kukokota

Tarehe 18 Oktoba 2003, kwenye stesheni ya reli ya Kuala Lumpur, Mmalaysia aitwaye Rathakrishnan Velu alivuta treni ya abiria kwa meno. Si kwa mabega wala kwa kiuno. Mabehewa yale yalikuwa na uzito wa tani 260.8, nayo yalisogea mita 4.2. Guinness waliiandika rekodi hiyo, na taya zake zikabaki salama.

Miaka 13 baadaye Land Rover walichukua Discovery Sport, wakalifunga magurudumu ya reli ya kuliongoza, wakalipeleka kaskazini mwa Uswisi na kulifunga kwenye mabehewa matatu. Mzigo ulizidi tani 100 kidogo. Gari likatembea kilomita 10 na kuvuka daraja la Hemishofen juu ya mto Rhine, na filamu yake ikazunguka dunia nzima. Ukilinganisha kwa tani tu, Mmalaysia na meno yake alilishinda gari lile mara mbili na nusu.

Kulinganisha hivyo si haki, najua. Mita 4.2 si kilomita 10. Lakini kunasaidia kuziweka rekodi hizi mahali pake, maana kila baada ya miaka miwili mitatu kampuni fulani ya magari hufunga kitu kikubwa nyuma ya gari lake na kuita waandishi wa habari. Halafu mtu wa Tanga au Malindi anayetafuta gari la kuvutia boti yake ya faiba anazitazama picha zile na kusema: kama limevuta ndege, boti ni nini? Hapo ndipo anapoanza kupotea. Kuusogeza mzigo ni kazi moja. Kuukokota njiani, kuupandisha mlima, kuushusha na kuusimamisha mbele ya punda aliyekatiza barabara ni kazi nyingine, na rekodi karibu zote ni za ile kazi ya kwanza.

Ndege nzito kuliko zote

Rekodi inayojulikana zaidi kwa gari la kawaida la dukani ni ya Porsche Cayenne. Tarehe 21 Aprili 2017, uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, Paris, fundi wa Porsche Uingereza aitwaye Richard Payne alikaa nyuma ya usukani wa Cayenne S Diesel iliyofungwa kwenye Airbus A380 ya Air France. Tani 285. Gari liliivuta ndege mita 42. Kisha wakairudia kazi hiyo kwa Cayenne ya petroli.

Rekodi waliyoivunja ilikuwa ya Ghuba. Agosti 2013, huko Sharjah, Nissan Patrol ilikuwa imevuta ndege ya mizigo aina ya Ilyushin Il-76 yenye tani 170.9 kwa mita 50. Kabla ya hapo, mwaka 2006, Volkswagen walikuwa wamefunga Touareg ya dizeli yenye silinda 10 kwenye Boeing 747 ya tani 155 katika uwanja wa Dunsfold, Uingereza. Ndege hiyo ilikuwa imeshastaafu na ikawa mwigizaji: ndiyo iliyotumika katika filamu ya James Bond, Casino Royale. Touareg iliivuta mita 150, ikafikia kilomita 8 kwa saa.

Kwenye habari ya Touareg kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka. Gari lile lenyewe lina tani mbili na nusu hivi. Siku ya kazi lilikuwa na tani 7 hivi, kwa sababu lilijazwa vyuma ndani, na tairi zikapigwa upepo mwingi kuliko kawaida. Yaani kabla ya kuvuta mzigo, lilibebeshwa mzigo. Sababu ni mshiko. Injini inaweza kuwa na nguvu za kung'oa mbuyu, lakini nguvu hiyo inafika barabarani kupitia viganja vinne vya mpira, na mpira haushiki zaidi ya unavyokandamizwa. Gari jepesi lenye injini kubwa litachoma tairi pale pale lilipo. Afrika Kusini wanayo malori ya Kifaransa ya Nicolas Tractomas, yenye ekseli tano zote za kuvuta, yanayosafirisha transfoma za umeme. Kila kimoja cha vichwa vile kina takribani tani 70 kikiwa tayari kwa kazi. Kinatakiwa kuwa kizito hivyo, la sivyo kitateleza.

Mwaka 2018 Tesla nao waliivuta Boeing 787 ya Qantas pale Melbourne kwa Model X, tani 130, karibu mita 300. Kitabu cha gari hilo kinasema lisivute tela linalozidi tani mbili na ushei. Cayenne ukomo wake ni tani 3.5. Hakuna mhandisi hata mmoja katika kampuni hizo aliyepandisha namba hizo baada ya onyesho, nao ndio wanaojua kwa nini.

Kwa nini ndege inavutika

Kitu chenye magurudumu kilicho kwenye tambarare hakihitaji kuvutwa kwa uzito wake wote. Kinahitaji tu kushindwa ule ukinzani mdogo wa kuviringika. Gurudumu la chuma juu ya reli likishaanza kutembea linadai kilo moja au mbili za mvuto kwa kila tani ya mzigo. Tairi ya mpira kwenye lami nzuri au zege inadai kilo sita hadi kumi. Kwenye mchanga mwororo wa ufukweni hesabu inaruka hadi kilo mia na zaidi kwa tani, na ndiyo maana tela la boti lililotembea kama mchezo barabarani linakataa kabisa kutoka pwani maji yakikupwa.

Sasa chukua A380 ile. Tani 285 zikidai kilo sita kila moja ni kilo 1,700 na kidogo. Kwa gari lenye tani mbili na robo hivi na magurudumu manne yanayovuta, hiyo ni kazi ya kukaribia ukomo wa mshiko, lakini inawezekana. Hakuna muujiza. Kuna sakafu tambarare, kavu, na dereva asiyeukanyaga moto kwa pupa.

Kisha ongeza mlima. Kila asilimia moja ya mwinuko inaongeza kilo 10 za mvuto kwa tani. Hiyo ndiyo namba ninayopenda watu waikariri kuliko nguvu za farasi, kwa sababu inazigeuza rekodi nyingi kuwa vichekesho. Tazama ya Ford.

Tani nyingi kuliko zote kwa pikapu

Julai 2019 Ford walionyesha F-150 ya umeme ikiwa bado ya majaribio. Mhandisi mkuu wake, Linda Zhang, alivuta mabehewa kumi ya ghorofa ya kubebea magari, zaidi ya tani 450, kwa mita 300 na ushei. Halafu wakapakia mabehewa hayo pikapu 42 za F-150 na kuvuta tena. Safari hiyo jumla ilikuwa pauni milioni 1.25, sawa na tani 567 hivi.

Reli ikidai kilo mbili kwa tani, tani 567 ni kilo 1,134 za mvuto. Pikapu nzito inazimudu. Sasa inua reli ile kwa asilimia moja tu, mwinuko ambao jicho la abiria halitaugundua. Papo hapo zinaongezeka kilo 5,670, karibu mara mbili ya uzito wa pikapu yenyewe. Tairi zingezunguka bure mpaka zitoe moshi.

Gari hilo lilipoingia sokoni mwaka 2022 likiitwa F-150 Lightning, ukomo wake wa juu wa kuvuta ulikuwa pauni 10,000, yaani tani 4.5. Kutoka 567 hadi 4.5! Wala hapa Ford hawakudanganya mtu. Walionyesha kwamba injini ya umeme inatoa nguvu yake yote ya kuzungusha tangu gurudumu likiwa limesimama, jambo ambalo ni kweli na ambalo dizeli haiwezi. Ila namba ya sokoni inazingatia joto, breki, milima na miaka ya kutumika, na mita 300 za reli hazina hata kimoja kati ya hivyo.

Rekodi ya reli yenyewe, kwa treni halisi, iko Australia Magharibi: tarehe 21 Juni 2001 kampuni ya BHP iliunganisha mabehewa 682 ya madini ya chuma na vichwa 8, treni ya urefu wa kilomita 7.353 na uzito wa tani 99,734, ikaenda hadi Port Hedland. Ukitaka kustaajabia kukokota, staajabia huko. Ile ilikuwa safari ya kilomita 275 hivi.

Mzigo ghali kuliko wote

Oktoba 2012 chombo cha anga Endeavour kilipitishwa mitaani Los Angeles kikielekea jumba la makumbusho. Sehemu kubwa ya njia kilibebwa na mitambo inayojiendesha. Kufika kwenye daraja linalovuka barabara kuu ya 405, mitambo ile ikaonekana mizito mno kwa daraja. Chombo kikahamishiwa kwenye tela jepesi lisilo na injini, na tarehe 12 Oktoba Toyota Tundra ikakivusha. Chombo na tela vilizidi tani 130. Tundra ile ilikuwa ya kawaida, yenye ruhusa ya kuvuta tani 4 na nusu hivi.

Naipenda hii kuliko zote kwa sababu moja: ilikuwa na kazi ya kweli ndani yake. Daraja lilihitaji mzigo upungue, na kuvuta badala ya kubeba kulipunguza mzigo. Matangazo yalikuja juu yake.

Tela nyingi kuliko zote

Mji mdogo wa Clifton, Queensland, Australia, tarehe 18 Februari 2006. Kichwa kimoja cha Mack Titan, dereva John Atkinson, mzee wa miaka 70. Nyuma yake tela 112. Urefu wa msururu ule ulikuwa mita 1,474.3, na uzito takribani tani 1,300. Alivuta kwa umbali mfupi akasimama, rekodi ikawa yake.

Fikiria mwenyewe kazi ya kung'oa msururu ule. Tela 112 haziondoki kwa pamoja. Kila kiungo kina ulegevu kidogo, kwa hiyo ya kwanza inasogea kabla ya ya pili, ya pili kabla ya ya tatu, na mtikisiko unasafiri kilomita moja na nusu kwenda nyuma. Dereva akiachia klachi kwa ghafla, pini ya kwanza inakatika. Ujuzi wa mzee yule ulikuwa kwenye mguu wa kushoto. Kwa siku za kawaida sheria za Australia zinaruhusu misururu ya mita 53.5, nayo ikikupita barabarani unaona tela hazishi.

Volvo walilijibu tatizo hilo la kuanza kwa giaboksi. Mwaka 2016 pale Göteborg walifunga FH16 ya nguvu za farasi 750 kwenye msururu wa makontena wenye tani 750, dereva akiwa Magnus Samuelsson, aliyekuwa mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani mwaka 1998. Siri ilikuwa gia za kutambaa, za chini mno, zinazoruhusu lori kutembea kwa nusu kilomita kwa saa bila kuchoma klachi. Tani 750 ni zaidi ya mara 13 ya tani 56 ambazo mizani za Afrika Mashariki zinaliruhusu lori lolote.

Land Rover walirudi tena mwaka 2017, safari hii kwenye eneo la Northern Territory, Australia. Discovery ya dizeli ilivuta msururu wa tela saba, tani 110, kwa kilomita 16 za barabara kuu ya Lasseter iliyofungwa kwa ajili yao. Katika rekodi zote za magari madogo hii ndiyo iliyo karibu na kukokota kwa kweli. Ni mpira juu ya lami, na ni mwendo wa kutosha kupasha giaboksi joto. Hata hivyo barabara ni nyoofu, tambarare, na hakuna anayekuja mbele.

Kilima kinachoogopwa kuliko vyote

Zamani kila kampuni ya Marekani ilijipangia namba yake ya ukomo wa kuvuta. Idara ya mauzo ikisikia jirani ametangaza pauni 11,000, kesho yake wao wanatangaza 11,300. Ndipo chama cha wahandisi wa magari, SAE, kikatunga kipimo kiitwacho J2807, na Toyota wakawa wa kwanza kukifuata, kwa magari ya modeli ya 2011. Baadhi ya kampuni zilipokifuata baadaye, namba zao zilishuka.

Moyo wa kipimo hicho ni kilima cha Davis Dam, Arizona. Kinapanda kilomita 18 hivi kutoka bwawani, jangwani, na joto linatakiwa lizidi nyuzi 37. Gari linavuta tela lake la ukomo kamili, kiyoyozi kimewashwa hadi mwisho, na halitakiwi kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa kwa pikapu ya kawaida. Likichemsha, limefeli. Kipande kingine ni kuanza safari kwenye mwinuko wa asilimia 12: mbele mara tano, nyuma mara tano, ndani ya muda mfupi. Giaboksi dhaifu huungama hapo.

Hakuna ndege. Hakuna wapiga picha. Lakini nikiambiwa nichague kati ya gari lililovuta A380 na gari lililopanda Davis Dam na kiyoyozi chake, nachukua la pili bila kuuliza bei ya la kwanza.

Sisi tunavyo vya kwetu. Kutoka Mombasa hadi Nairobi unaanza usawa wa bahari na kufika mita 1,700 hivi. Ukiendelea hadi Timboroa umepita 2,700. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000, kwa sababu hewa inapungua. Land Cruiser ya injini ya 1HZ, lita 4.2, nguvu za farasi 130 na kidogo, haina turbo. Ni injini isiyokufa, na kila fundi kuanzia Lodwar hadi Tunduma anaijua kwa kugusa. Lakini ikifika Timboroa imebaki na farasi mia moja hivi, na tela la tani tatu halijapunguza hata kilo. Turbo hurudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Mtu wa pwani anayevuta boti toka bandarini hadi nyumbani anaweza kuishi bila turbo. Mtu wa Mbeya au Eldoret, nisingemshauri.

Ukomo mkubwa kuliko wote kwenye karatasi

Kwa sasa ubabe wa pikapu uko kwa magari mazito ya Marekani. Ford F-450 ya modeli ya 2023 ilitangazwa kuvuta pauni 40,000, tani 18 na ushei, kwa tela linalofungwa juu ya ekseli ya nyuma, ndani ya bodi. Si kwenye ndoano ya nyuma, na tofauti hiyo ni kubwa. Na kwa uzito huo wa jumla, Marekani kwenyewe dereva wa kibiashara anadaiwa leseni ya malori. Kwa hiyo ni pikapu kwa sura tu.

Hesabu inayokosewa kuliko zote

Kwetu namba inayosikika zaidi ni tani 3.5. Ndiyo ukomo wa Land Cruiser nyingi na wa pikapu kadhaa za siku hizi katika masoko mengi, pale tela linapokuwa na breki zake. Tela lisilo na breki ukomo wa kawaida ni kilo 750, na hapo watu wengi wameshavuka mstari bila kujua, maana tela nyingi zinazochomelewa mitaani hazina breki hata moja.

Hata kwa tela lenye breki, 3.5 haisimami peke yake. Kuna namba nne, na zote lazima zikubali kwa wakati mmoja. Tuchukue pikapu ya mfano: uzito mtupu kilo 2,100, ukomo wa gari likiwa limejaa 3,000, ukomo wa tela 3,500, ukomo wa gari na tela kwa pamoja 5,800. Muuzaji atakutajia ya tatu tu. Sasa jaza gari: watu watano, mafuta, friji, mabegi, hadi kilo 3,000. Toa kwenye 5,800. Kilichobaki kwa tela ni 2,800. Ile 3,500 imeyeyuka, na hujavunja kitu chochote isipokuwa hesabu.

Geuza upande wa pili. Funga tela la 3,500 kamili. Gari linaruhusiwa liwe na kilo 2,300 tu, yaani 200 juu ya uzito wake mtupu. Wewe, utingo wako, na vifaa kidogo. Familia ipande basi.

Bado kuna mgongo wa gari. Tela halining'inii hewani, linaikalia ndoano. Wamarekani hushauri asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela iwe juu ya ndoano, kwa hiyo tela la 3,500 linaweza kukandamiza kilo 350 na zaidi nyuma ya gari, nazo zinahesabiwa kama mzigo uliopakiwa. Ulaya wanakwenda chini ya hapo, na mara nyingi ndoano zao zimeandikwa kilo 100 au 150. Soma yako. Ukikandamiza kupita kiasi, pua inanyanyuka, taa zinamulika miti na usukani unakuwa mwepesi. Ukikandamiza kidogo mno, hapo ndipo kuna hatari zaidi: tela linaanza kuyumba kama mkia wa mamba, na kila ukisahihisha usukani unaliongezea. Likianza, usikate kona wala kukanyaga breki kwa nguvu. Toa mguu kwenye moto, shika usukani ukiwa umenyooka. Njia bora ni kutofika huko: sogeza mzigo mbele kidogo ya ekseli ya tela kabla ya kuondoka.

Kupima ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mizani za machimbo ya kokoto au za maghala ya nafaka hupima gari kwa ada ndogo. Pima gari peke yake, pima pamoja na tela, toa. Ukikuta tela ambalo uliambiwa lina tani mbili lina mbili na nusu, usishangae; boti hulowa, na kila mtu hutupia kitu kimoja ndani.

Ndoano mbaya kuliko zote

Magari mengi yaliyotumika kutoka Japani huja bila ndoano, kwa hiyo inatengenezwa hapa. Pita gereji za Gerezani, Dar es Salaam, au za barabara ya Kirinyaga, Nairobi, uchungulie chini ya magari. Utaona ndoano nzuri: chuma kinachokumbatia chasisi pande zote mbili, boliti nne nne zenye nati za kujifunga, na matundu ya minyororo ya usalama. Utaona pia bamba lililochomelewa kwenye bampa, na bampa lenyewe limeshikwa na boliti mbili zilizokusudiwa kubeba bampa. Limepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Ukimuuliza fundi litavuta kiasi gani, atakujibu, "Bosi, hiyo haing'oki." Pengine haing'oki kweli. Bampa ndilo litakalong'oka.

Kwa magari yasiyo na chasisi ya ngazi, yale ya familia na ya mjini, tela la tani moja lenye breki ni kazi ya heshima, na kwenda zaidi ya hapo bila kusoma kitabu ni kujitafutia gharama. Otomatiki zinahitaji kipoza mafuta cha ziada, kwa sababu mafuta ya giaboksi hupikwa na kuvuta kabla ya dereva kusikia chochote. Na magari ya umeme, pamoja na nguvu zao, tela kubwa linaweza kukata masafa yao hadi nusu; kwa njia ya Dodoma hadi Singida hilo si jambo dogo.

Mimi ningeangalia kwa mpangilio huu: uzito wa gari lenyewe kwanza, kisha breki, kisha mfumo wa kupoza, na injini mwisho. Waingereza hushauri wageni wa kazi hii tela lisizidi asilimia 85 ya uzito wa gari linalovuta. Land Cruiser nzito yenye farasi wachache italitawala tela ambalo pikapu nyepesi yenye farasi wengi italivuta vizuri sana mpaka pale tela litakapoamua kuivuta pikapu.

Rekodi ambayo haijawekwa

Hakuna kampuni iliyowahi kuita waandishi waje kutazama gari lake likisimamisha ndege ya tani 285 kwenye mteremko.

Hesabu inaeleza sababu. Nguvu iliyomo kwenye kitu kinachotembea hupanda kwa mraba wa mwendo. A380 ikivutwa kwa kilomita 4 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea, ina nguvu ndogo kuliko unavyofikiri. Tela la tani 3.5 kwa kilomita 80 kwa saa linabeba karibu mara tano ya hiyo. Gari la familia likiwa na tela la boti njiani kwenda Bagamoyo limebeba jukumu zito kuliko Cayenne ya Paris.

Mteremkoni ni zaidi. Gari na tela vyenye tani 6 vikishuka mita 300 kwenda chini vinatoa joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 50 za maji, na kama hutumii gia, joto hilo lote linaingia kwenye diski na ngoma za breki. Mafuta ya breki ya zamani yaliyonyonya unyevu huchemka, pedali inazama hadi sakafuni, na hakuna kinachotokea. Malori yanayoshuka Sachangwan kuelekea Salgaa yameua watu wengi kwa njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo ukiwa na tela unatoka Iringa kwenda Morogoro, kabla ya kona za kwanza za Kitonga punguza mwendo ungali juu, ingiza gia ile ile ambayo ungeitumia kupanda, na iache injini ilie. Ukihitaji breki, kanyaga kwa nguvu kidogo, punguza, achia, ngoja zipoe. Usiziegemee njia nzima. Lori likikuwashia taa nyuma kwa hasira, lipishe panapopisha. Ukifika chini, Ruaha Mbuyuni pana vitunguu vya bei nzuri na nafasi ya kuegesha. Shuka, pitisha kiganja karibu na rimu za tela bila kugusa. Upande mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, breki moja haifanyi kazi, na safari inasubiri fundi.